Hesabuni Kuanzia Mwisho

Wanangu mliokabidhiwa miradi, nina neno nanyi kabla hamjafungua kompyuta. Nalisema kwa ajili ya mradi wa aina moja tu, ule ambao siku yake ya mwisho imewekwa na mtu mwingine na haisogei. Shule zinafunguliwa Januari, madarasa yawe tayari au yasiwe. Uchaguzi una siku yake. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya vilevile, unafungwa tarehe 30 Juni. Na ninyi mnaofanya kazi kwenye viwanja na barabara zinazosubiri AFCON 2027, tangu Kenya, Tanzania na Uganda zilipopewa uenyeji Septemba 2023, mnajua ninachokisema.

Nimesimamia ujenzi sehemu kubwa ya maisha yangu, na siku hizi naitwa kwenye vikao vyenu kama mzee wa kushauri. Kila mara nakuta mabishano yaleyale: tutumie programu ipi ya kompyuta, ipi ina michoro inayompendeza mfadhili. Hilo ndilo linalonitia hofu. Mnachagua chombo kabla ya kuuliza mradi wenyewe unabanwa na nini. Ratiba nyingi zimetengenezwa zijibu swali moja: tutamaliza lini? Kwenye mradi wa tarehe isiyosogea swali hilo limeshajibiwa na wengine. Lililobaki kwenu ni gumu zaidi: ili siku ile itukute tumemaliza, leo tunatakiwa tuwe tumefika wapi, na tupo tayari kuacha nini? Njia yoyote ya ratiba isiyokulazimisha kujibu hayo mawili itakupumbaza, hata kama ina rangi saba.

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mliuona kwa macho. Oktoba 2021 Tanzania ilizindua mpango wa kutumia mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, fedha zilizokuja kujulikana mitaani kama za UVIKO. Sehemu yake ilikwenda kujenga madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20. Watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanaingia Januari 2022. Kazi nyingi zilifanywa na mafundi wa mahali palepale, chini ya kamati za shule na halmashauri, si makandarasi wakubwa. Nchi nzima ikahitaji saruji, nondo, mbao na mabati katika miezi ileile.

Sasa msimamizi mwenye darasa moja tu mkononi aanzie wapi? Vijana wengi huanzia juu ya karatasi: wiki ya kwanza kusafisha kiwanja, ya pili kuchimba msingi, wanashuka hivyo hadi wafike chini na kukuta wameingia Februari. Hapo ndipo huanza kupunguza siku kwa kalamu, huku mbili, kule tatu, mpaka jumla iingie. Ratiba ya namna hiyo ni uongo uliopangwa vizuri, na nawaomba msiiwekee saini.

Anzia chini. Mtoto anakaa kwenye dawati. Dawati haliingii mpaka sakafu ikauke. Rangi haipakwi juu ya lipu mbichi. Lipu ya ndani yafaa ipigwe bati likiwa juu, hasa mikoa inayopata mvua za vuli Oktoba hadi Desemba. Bati halipandi bila kenchi, na kenchi hazikai juu ya lenta iliyomwagwa jana. Nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28. Kwa saruji ya kawaida, likimwagiliwa maji ipasavyo, siku ya saba linakuwa na kama theluthi mbili za nguvu hiyo. Hizi ni siku zake zege, na hakuna kiongozi wa kijiji wala wa taifa anayeweza kuzifupisha kwa amri. Ukihesabu ukirudi nyuma kwa namna hii, kutoka dawati hadi msingi, unapata kwa kila kazi siku ya mwisho kabisa inayoweza kuanza bila kuivunja tarehe. Kisha unahesabu tena ukitoka mwanzo, upate siku ya mapema kabisa inayoweza kuanza. Tofauti ya siku hizo mbili ndiyo upenyo wako. Kazi zenye upenyo unaweza kuzisukuma kidogo. Kazi zisizo na upenyo, ambazo zikilala siku moja mradi mzima umelala siku moja, hizo ndizo unazoamka nazo na kulala nazo.

Hesabu hii si ya kubahatisha. Ilipangwa mwaka 1957 na James Kelley wa kampuni ya Remington Rand pamoja na Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont, Marekani, walipokuwa wanatafuta namna ya kupanga kazi za viwanda kwa kompyuta. Tuiite njia kuu. Kabla yake watu walitegemea zaidi chati ya milia iliyopata umaarufu kupitia Henry Gantt, aliyefariki mwaka 1919. Chati hiyo nzuri inaonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini, na mnaipenda kwa sababu hata mgeni wa saa moja anaielewa. Ibandikeni ukutani kwa ajili ya wageni. Lakini mlia peke yake haukwambii kazi gani imeishikilia ipi, kwa hiyo msifanye maamuzi kwa kuiangalia hiyo tu.

Kuna jambo ambalo kuhesabu kutoka mwisho hulifichua na kuhesabu kutoka mwanzo hulificha: vitu vinavyoonekana mwisho huwa vya kuagizwa kwanza. Dawati, fremu za milango, grili na vioo vya madirisha huja mwisho wa jengo. Lakini mbao lazima zitafutwe na zikauke, na fundi seremala ana wateja wengine. Nimeona shule moja ambayo vyumba vilikamilika, rangi ikang'aa, na watoto wakakaa sakafuni wiki kadhaa kwa sababu oda ya madawati ilitoka wakati mafundi rangi wameshaingia. Kwenye ratiba ile neno madawati lilikuwapo, mstari wa mwisho kabisa, limepewa siku tatu. Siku tatu zilikuwa za kuyabeba na kuyapanga. Kuyatengeneza hakukuandikwa popote.

Basi mtaniambia, mzee, tumeelewa, tutumie njia kuu. Subirini. Njia kuu ina upofu wake: inadhani watu wapo. Inakwambia kupaua darasa la kwanza na kupaua darasa la pili ni kazi mbili zisizotegemeana, na kwenye karatasi ni kweli. Lakini kata nzima ina fundi wa kupaua mmoja anayeaminika, naye ameahidi shule nne. Hapo mnyororo halisi wa mradi wako haupiti tena kwenye lenta na bati, unapita mikononi mwa mtu huyo. Ukikuta hivyo, panga kazi zote kwa kumfuata yeye kwanza, nyingine zimzunguke. Akifika, kila kitu kiwe tayari: mbao zimepigwa dawa, misumari ipo, jukwaa limefungwa. Saa ya fundi huyo ikipotea akisubiri misumari, umepoteza saa ya mradi mzima.

Mwanafizikia wa Israeli aliyegeukia usimamizi, Eliyahu Goldratt, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, na akaongeza lingine ambalo mimi naliona ndilo dawa kubwa ya mradi wa tarehe isiyosogea. Kila mtu unayemuuliza kazi yake itachukua siku ngapi hukujibu kwa kuweka na siku za kujilinda. Kazi ya siku tatu anasema tano. Hana nia mbaya, anaogopa lawama. Tatizo ni kwamba siku zile mbili hazitunzwi. Anaanza kazi amechelewa kwa kuwa anajua anazo, au kazi inatanuka mpaka inazijaza, kama Mwingereza Northcote Parkinson alivyoandika mwaka 1955. Kwa hiyo siku za tahadhari zipo kila mahali kwenye ratiba, na siku ya shida hazionekani.

Ushauri ni huu: omba kila fundi makadirio ya kweli, kisha zile siku za kujilinda zikusanye, ziweke kwenye kibubu kimoja mwishoni mwa mradi, mbele ya tarehe yenyewe. Ukiwa na kazi kumi zilizofichiwa siku mbili kila moja, una siku 20. Chukua 10 ziweke kibubuni, na 10 nyingine umezirudishia mradi. Baada ya hapo hutazami tena kama kila kazi imechelewa au la. Unatazama kibubu. Mradi ukiwa theluthi moja na kibubu kimeshatoka nusu, ita kikao siku hiyohiyo. Mradi ukiwa theluthi mbili na kibubu kimeguswa kidogo tu, waache mafundi wafanye kazi, usiwasumbue kwa simu.

Njia hii ninaipenda kuliko zote kwa miradi ya tarehe ngumu, lakini ina sharti ambalo bila hilo ni bora msiiguse. Mtu aliyetoa makadirio ya kweli asiadhibiwe yakizidi. Ukimkata fundi posho kwa sababu alisema tatu ikawa nne, kesho atakwambia sita, na saiti nzima itakuwa imesikia. Vijana wengi mnaichukua hesabu ya kibubu na kuliacha sharti hili, halafu mnasema njia haifanyi kazi kwetu. Inafanya kazi pale mkubwa wa kazi anapoweza kuambiwa ukweli.

Kazi inayojirudia inataka jicho jingine. Madarasa manane yanayofanana, nyumba 50 za mtaa mmoja, kilomita 100 za bomba: hapo hesabu ndefu za njia kuu zitakuchosha bila faida, kwa kuwa mfuatano ni uleule. Kinachokubana ni mwendo wa vikosi. Chora siku upande mmoja na umbali au idadi ya nyumba upande mwingine, kila kikosi kiwe mstari wa mshazari unaopanda. Kikosi chenye kasi kikiwa nyuma ya kikosi cha polepole, mistari itagongana, na mahali inapogongana ndipo watu watakaposimama wakilipwa bila kazi. Tibu kwa kuongeza nguvu kwenye kikosi cha polepole au kwa kuchelewesha kuanza kwa kile chenye kasi.

Wazee wa rika langu tulijifunza hilo kwenye reli ya TAZARA. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ujenzi ukaanza 1970, na reli ikafika mwisho wake huko Zambia mwaka 1975, mapema kuliko ilivyopangwa. Zambia ilikuwa inahitaji njia ya kutolea shaba isiyopita Rhodesia, hivyo kila mwezi ulikuwa na uzito wa siasa. Wataalamu wa Kichina na wafanyakazi wa Kitanzania na Kizambia hawakugawa siku sawa kwa kila kilomita. Kutoka Dar hadi Mlimba walikwenda kwa kasi, na kipande hicho kikawa mara moja njia ya kubebea vifaa vya mbele. Kati ya Mlimba na Makambako, reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu, kuna mahandaki na madaraja mengi kwa umbali mfupi. Hapo ndipo palipokusanywa watu na mitambo. Anayepanga kwa wastani wa kilomita kwa mwezi angeidanganya serikali tangu Mlimba.

Lipo pia fungu la miradi ambayo huijui mpaka uifanye. Mfumo mpya wa kusajili wanafunzi, utafiti wa maji chini ya ardhi, kifaa ambacho hakijawahi kutengenezwa. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikutana na shida hiyo kwenye kombora la Polaris, na mwaka 1958 ikatengenezwa njia ya kuuliza namba tatu badala ya moja: mambo yakienda vizuri siku ngapi, kwa kawaida ngapi, yakiharibika ngapi. Namba ya katikati unaizidisha mara nne, unajumlisha na zile mbili, unagawanya kwa sita. Fundi wako akisema 6, 9 na 18, jibu ni siku 10. Angalia vizuri, yeye mwenyewe alidhani 9. Ile moja iliyoongezeka imetoka kwenye ubaya wa 18, na ndiyo faida ya kuuliza. Lakini msiipeleke 10 kwa bosi kama ahadi. Wastani una karibu nusu ya nafasi ya kupitwa, na tarehe isiyosogea haiendeshwi kwa nusu kwa nusu. Tazama pengo kati ya 6 na 18. Kazi yenye pengo pana hivyo ianze mapema, ichunguzwe mapema, hata kama upenyo unaonyesha inaweza kusubiri.

Ninyi wa kompyuta mnapenda kugawa kazi kwa vipindi vifupi vya wiki mbili, kila kipindi kitoe kitu kinachofanya kazi. Kwa mradi wa tarehe ngumu usio na uhakika, hii ni njia njema sana. Nawaonya jambo moja tu: orodha ya mambo kwa uzito wake iwe ya kweli. Tarehe haisogei, fedha hazisogei, watu ni walewale, kwa hiyo kitakachosogea ni yale mtakayoyajenga. Kama mfumo wa kusajili wanafunzi ungefunguliwa wiki ya nne, je, mtoto angesajiliwa? Kama jibu ni hapana, kwa sababu wiki nne zilikwenda kwenye kurasa za kupendeza na ripoti za wakubwa, basi vile vipindi vyenu ni wiki mbili mbili za kuchelewa.

Na mkiona mmechelewa, msikimbilie kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo mkubwa wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, maana wanaojua wanaacha kazi wawafundishe wasiojua. Kwenye jengo ni nusu kweli: mafundi lipu sita unaweza kuwatawanya vyumba sita, lakini huwezi kuwabana chumba kimoja.

Nimerudia mara kadhaa suala la kuacha, na ndilo vijana mnalolikimbia zaidi. Kupanga tarehe ngumu bila kupanga cha kuacha ni kuiachia tarehe ikuchagulie. Montreal, Kanada, walikuwa na siku isiyosogea, ufunguzi wa Olimpiki tarehe 17 Julai 1976. Siku ilifika, michezo ikafanyika, na mnara wa uwanja mkuu, ule wa kushikilia paa, ukiwa kipande. Ulikuja kukamilika mwaka 1987. Deni la uwanja lililipwa hadi 2006. Walioketi mezani mapema wangeweza kuamua kwamba uwanja usiwe na paa lile, na wakaokoa fedha nyingi. Uamuzi ulifanyika vilevile, ila ulifanywa na migomo na kalenda, kwa bei ya juu kabisa.

Kwa hiyo kwenye kila ratiba yenu, karibu na kila kitu kinachoweza kuachwa, andikeni siku ya kukiacha. Kwa darasa letu: kama bati halijapanda kufikia 5 Desemba, dari inasubiri likizo ya Aprili. Kama vioo havijafika 15 Desemba, madirisha yanafungwa wavu kwanza. Andikeni hivyo mwanzoni, wakati hakuna aliyekasirika, na mwenye mradi asome na asaini. Visivyoachwa navyo viandikeni: nondo za lenta, kina cha msingi, kumwagilia zege. Hivyo haviguswi hata siku moja iwe imebaki, maana jengo likija kuanguka hakuna atakayekumbuka kwamba liliwahi tarehe.

Nendeni na karatasi yenu saiti kabla hamjaituma ofisini. Mpeni mzee wa mafundi, mkae chini, asome kila mstari au asomewe. Muulizeni kazi gani hamkuiandika. Atataja kuvuta maji, kujenga stoo ya saruji, siku za mnada ambazo vibarua hawaji, sikukuu, barabara inayokatika mvua ikinyesha. Ziingizeni zote, kisha hesabuni tena kuanzia dawati. Kama hesabu inawaambia msingi ulitakiwa kuchimbwa wiki mbili zilizopita, msiipindishe hesabu. Mwandikieni mwenye mradi siku hiyohiyo: kwa tarehe uliyotupa, tunaweza haya, hatuwezi haya, na uamuzi wako tunauhitaji kufikia Ijumaa. Akinyamaza, mwandikieni tena Jumatatu, na nakala mbaki nayo.